Mbrazili Aliyenitembeza kwa Miguu kutoka Keroka

Mwaka niliotimiza miaka arobaini na tisa, naibu wa mwalimu mkuu aliniambia mbele ya timu nzima kwamba ninakimbia kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha kwenye nyasi. Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu Naibu ndiye aliyepanga ratiba ya vipindi, na mtu mwenye akili hagombani na anayeweza kumpa kidato cha pili saa nane mchana, siku tano mfululizo.

Timu yenyewe ilikuwa ya walimu wa shule ya upili ya hapa kwetu Kiogoro. Tulicheza Jumapili. Wengi wetu ni Waadventista na Jumamosi yetu haiguswi, na wale Wakatoliki wachache waliwahi misa ya kwanza, wakaja uwanjani wakinukia ubani. Naibu alikuwa nahodha na pia kipa. Mimi nilikuwa kiungo. Maana yake nilisimama katikati ya uwanja, mpira ukienda mbele nikautazama, ukirudi nyuma nikautazama tena.

Ndipo njumu zangu zilipofunua mdomo, nikaenda mjini Kisii kununua nyingine.

Duka nililoliingia ni la mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Anauza viatu, mipira, jezi na filimbi za marefa. Alinisalimu, "Bwakire, mwarimu," kwa Ekegusii safi kuliko ya watoto wangu, ambao ukiwasalimu kwa lugha ya nyumbani wanakujibu kwa Sheng ya Nairobi, mji ambao hawajawahi kufika.

"Unacheza namba gani, Mwalimu?"

"Kiungo."

"Unakimbia sana?"

Niliona haya. "Hapana, Mzee. Sana sana natembea."

"Vizuri kabisa," alisema, akainua kidole kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa. Akaingia chumba cha nyuma, akarudi na daftari kubwa lenye jalada la kitambaa.

Ndani mlikuwa na vipande vya magazeti vilivyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Alinieleza kwamba alipokuwa mtoto, viatu vya dukani vililetwa kutoka ng'ambo vikiwa vimejazwa magazeti makuukuu ili visibonyee. Baba yake alichukua viatu, yeye akachukua magazeti. Aliyanyoosha kwa pasi ya makaa, akakata kurasa za mpira na kuzibandika. Kwa kuwa gazeti lilichanwa kulingana na ukubwa wa kiatu, mechi nyingi alizijua hadi dakika ya sitini tu. Viatu vya watoto vilimpa vichwa vya habari peke yake.

Lakini mtu mmoja, Mzee alikuwa amemkusanya karibu mzima. Alikuwa kiungo wa Brazil wa enzi zile, mrefu, mweusi, shingo imenyooka, anayetembea uwanjani kama anayekagua shamba lake la chai. Mzee alinisimulia huku wateja wakingoja. Utotoni goti la mtu yule lilioza kwa jeraha la mpira, madaktari wakataka kuukata mguu. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu miezi mingi. Mguu ukapona, akarudi uwanjani, akawa fundi asiye na haraka, kwa sababu aliamini kwamba anayepaswa kukimbia ni mpira. Halafu kifundo cha mguu kikamsumbua, akashindwa kupiga mpira kama watu wengine. Badala ya kuacha, akatafuta namna yake ya kuupiga ubavuni kwa nje ya kidole gumba. Mpira ukawa unapaa, kipa anauona unapita juu, anatulia, kisha ghafla unakata tamaa hewani na kuanguka ndani ya wavu.

"Waliuita jani kavu," alisema Mzee.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, nikataka kuelewa sawasawa. "Jani la mgomba likikauka halianguki, Mzee. Linaning'inia tu."

Alifikiri kwa makini. "Basi la mkaratusi," alisema. "La mkaratusi linayumba, halafu linashuka."

Nilitoka pale na njumu mpya na dini mpya.

Jumatatu, wakati wa chai ya saa nne, niliwaeleza walimu wenzangu kwamba kumbe uchezaji wangu una historia. Niliwaambia habari za mpira kukimbia badala ya mtu. Naibu alimeza mandazi yake.

"Mwalimu, tatizo ni kwamba ukiwa nao wewe, hata mpira haukimbii."

Kicheko kilinichoma. Hapo ndipo nilipofanya kosa. Katika daftari la Mzee mlikuwa na kipande kimoja kilichosema kwamba Mbrazili yule aliweka nadhiri: timu yake ikichukua ubingwa wa jiji lao, atarudi nyumbani kwa miguu akiwa na jezi yake. Wakachukua, naye akatembea. Sasa sisi tulikuwa na mechi Jumapili ile dhidi ya wauza ndizi wa Keroka, ambao hatukuwahi kuwashinda hata siku moja. Mtu anayepakia mikungu kwenye malori kutwa nzima huwezi kumsukuma. Ni kama kusukuma ukuta wa kanisa.

Nikasimama. Nikasema, kikombe mkononi, kwamba nikichezeshwa na tukiwashinda Keroka, nitarudi Kiogoro kwa miguu, nikiwa na jezi na kaptula.

Karani wa shule, mama mpole ambaye hakuwahi kunifanyia ubaya wowote, aliyachapa maneno hayo kwenye kompyuta na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya mitihani na tangazo la maziwa.

Siku zilizobaki nilifanya mazoezi nyuma ya nyumba. Niliweka mpira chini, nikauangalia mkaratusi wa jirani kwa heshima, nikapiga kwa nje ya kidole gumba. Jumatatu jioni niliangusha mabua matatu ya mahindi. Jumanne niliipiga sukuma wiki ya mke wangu mara nne. Jumatano mpira ulipaa kweli, ukayumba, ukashuka juu ya mgongo wa ng'ombe wakati mke wangu akimkamua. Ng'ombe alirusha teke, ndoo ikaenda upande wake na maziwa upande wake.

Mke wangu aliinuka polepole akijipangusa magoti.

"Baba watoto, huyo Mbrazili wako alikuwa na ng'ombe?"

"Sidhani."

"Ndiyo maana." Akaiokota ndoo. "Halafu mbona mpira unaenda pale pale kwenye sukuma yangu kila mara? Shabaha unayo. Ni goli tu huna."

Jumapili tulifika Keroka mapema, mechi ikiwa ya saa nne asubuhi. Mji ule barabara imeugawa, upande mmoja ni kaunti ya Kisii na wa pili ni kaunti ya Nyamira, na kila upande hudai kwamba timu nzuri ni ya kwao. Nilitazamia kukaa benchi, kama kawaida yangu kwenye mechi kubwa. Lakini mwalimu wa kemia alipiga simu kwamba mama mkwe wake amewasili bila taarifa, na Naibu akanitazama kama mtu anayetazama mwavuli uliotoboka wakati mvua imeshaanza.

"Ingia," alisema. "Simama katikati. Usiguse kitu."

Nilipogeuka nikamwona Mzee wa duka. Alikuwa amekuja na pikapu yake kuukuu, amevaa tai, daftari kwapani, amekaa kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho mwenyewe.

Kipindi cha kwanza walitufunga. Muuza ndizi mmoja mwenye shingo kama kinu alipiga shuti lililompitia Naibu katikati ya miguu, na Naibu akalala kifudifudi kwenye tope akikataa kuinuka. Wenzangu waliinamisha vichwa. Mwalimu wa Kiswahili, mtu mnene mwenye huruma, alikuwa karibu kulia.

Na mimi nikakumbuka. Katika fainali ya Kombe la Dunia, wenyeji walipotangulia kufunga, Mbrazili yule aliuchukua mpira wavuni, akauweka kwapani, akatembea nao taratibu hadi katikati akiwatuliza wenzake mmoja mmoja. Wakashinda mabao matano. Gazeti la kisa hicho lilitoka kwenye buti la mkulima, kwa hiyo Mzee alikuwa nalo lote.

Nikaingia golini. Nikamruka Naibu, nikauchukua mpira, nikauweka kwapani, nikaanza safari. Nilitembea kwa utulivu mkubwa. Nilimgusa beki bega, nikamwambia, "Tulia." Nilimwendea mwalimu wa Kiswahili, nikamwambia, "Tulia." Uwanja ulinyamaza. Nikadhani wameguswa. Nilipokuwa nimebakiza hatua kumi hivi, refa, ambaye siku za kazi alikuwa mkaguzi wa majani ya chai na hakupenda mzaha, alipuliza filimbi na kuniinulia kadi ya njano.

"Ya nini?" niliuliza.

"Kupoteza wakati."

Sauti ya Naibu ilitoka kwenye tope nyuma yangu. "Mwalimu! Ni sisi tunafungwa! Unawapotezea nani wakati?"

Watu wa Keroka walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu mmoja tu alipiga makofi, amesimama kando ya kiti chake cha plastiki.

Lakini jambo moja sitaacha kulisema. Baada ya kicheko kile, wale wauza ndizi walicheza wakichekacheka, na mtu anayecheka hawezi kukaba. Mwalimu wetu wa michezo, kijana aliyeajiriwa mwaka ule, akasawazisha katikati ya kipindi cha pili. Zikabaki dakika chache, tukapata mpira wa adhabu nje kidogo ya eneo la hatari. Kijana yule aliuweka chini, akarudi nyuma hatua tano. Nikaenda kusimama mbele yake.

"Niachie mimi."

"Mwalimu, tafadhali."

"Kijana, nilikuwa mwalimu wako wa darasa."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimmaliza. Aliondoka. Kutoka golini kwetu nilisikia Naibu akiliita jina la Bwana, na si kwa maombi.

Nilipiga kwa nje ya kidole gumba. Mpira haukupaa. Ulikwenda kwa urefu wa kiuno, kwa kasi ambayo sikujua ninayo, moja kwa moja kuelekea kwa mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta wao akijaribu kutosumbua mtu. Aliuona ukija, akageuka kuukimbia, ukamkuta makalioni. Hapo ndipo ulipopaa. Kipa alikuwa ameshajirusha upande mwingine. Kila mtu alisimama kutazama. Mpira ulipanda, ukasita, ukayumba kidogo kushoto, ukashuka ndani ya wavu bila kelele.

"Jani kavu!" Mzee alipiga ukelele. "Jani kavu hilo!"

Filimbi ya mwisho ilipolia tulikumbatiana tukiruka kama kidato cha kwanza. Refa aliliandika bao kwa jina la mwalimu wa Kiswahili, nami nikaanza kumweleza kwa upole kosa lake. Nilikuwa bado naeleza Naibu alipokuja na mkoba wangu wenye suruali na shati, akaukumbatia kifuani.

"Hongera sana," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi alikuwa na sura ya upendo. "Nguo zako nitakufikishia nyumbani."

Naapa nilikuwa nimesahau. Nilitazama barabara inayoelekea Kisii. Kutoka Keroka hadi kwetu ni kilomita ishirini na kitu, na huyo "kitu" ni vilima.

Nilianza kutembea saa sita na nusu. Timu ilinipita kwenye basi la shule ikiimba. Njumu zangu zilipiga lami kama mbuzi aliyepanda paa la mabati, na baada ya kilomita mbili vidole vilianza kunilalamikia. Pikapu ya Mzee ilikuwa nyuma yangu, ikienda mwendo wa mguu, taa za dharura zikiwaka. Alisimama, akanipa ndara kutoka kwenye shehena yake.

"Nadhiri inaruhusu?" nilimuuliza.

"Gazeti halikutaja viatu," alisema.

Makondakta walinipigia kelele. "Mwalimu, panda! Ama uko kwa adhabu?" Polisi wawili kwenye kizuizi cha barabarani walinisimamisha, wakanitazama kaptula, kisha wakaitazama pikapu iliyokuwa ikininyemelea.

"Unafuatwa?" mmoja alininong'oneza.

"Hapana, afande. Nasindikizwa."

"Umeibiwa nguo?"

"Hapana. Tumeshinda."

Walitazamana. "Nenda," alisema. "Nenda pole pole."

Pale Ichuni akina mama walikuwa wakitoka kwenye mkutano wa jumuiya. Bibi mmoja mwenye rozari shingoni alinisimamisha, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ulifanya dhambi gani, mwanangu?"

"Niliongea mbele za watu, Mama."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Hiyo ni kubwa mono, kubwa sana," alisema, akanimegea ndizi tatu mbivu kutoka kwenye kikapu chake. Nilizila nikitembea, na sijawahi kula ndizi tamu namna ile.

Saa tisa mvua ikaja, kama inavyokuja kwetu kila siku, bila kuuliza. Nilikuwa karibu na Keumbu. Jezi ilinigandama tumboni, kila kilichokuwa siri kikawa hadharani. Nilisimama chini ya paa la kioski, nikaamua moyoni kwamba nimetembea vya kutosha, kwamba nitapanda pikapu, na watu waseme watakavyo. Nilipogeuka, nikaona Mzee ameiacha pikapu kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa anakuja kwa miguu, suruali ameikunja hadi magotini, tai bado shingoni, ameshika mwavuli mkubwa mweusi.

"Mzee, rudi garini. Utaugua."

"Twende," alisema. "Sijamaliza kukusimulia."

Tukatembea chini ya mwavuli mmoja, yeye akisimulia. Mbrazili wake alinunuliwa na klabu kubwa ya Uhispania, hakupata raha huko, akarudi kwao. Watu wakasema ameshazeeka. Akaenda Kombe la Dunia jingine akiwa na zaidi ya miaka thelathini, akalibeba tena. Baadaye akawa kocha, akaifundisha timu ya taifa ya nchi jirani, hadi siku moja wakakutana na Brazil yenyewe kwenye Kombe la Dunia.

"Akashinda nani?"

"Brazil. Gazeti lilikuwa kwenye kiatu cha mwanamke, kwa hiyo sijui alijisikiaje."

Tulipanda kilima. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, na hapo nikapata wazo ambalo ningepaswa kulipata Jumatatu.

"Mzee, yule mtu siku ya nadhiri alitembea kilomita ngapi?"

"Gazeti halikusema."

"Inaweza kuwa chache?"

"Inaweza."

"Inaweza kuwa nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara?"

Aliusogeza mwavuli kidogo upande wangu. "Mwalimu," alisema, "uwezekano huo upo."

Nilicheka hadi nikalazimika kukaa kwenye ukingo wa mtaro. Naye alikaa kando yangu na kucheka, maji yakimtiririka mashavuni. Kisha, kicheko kilipoisha, aliniambia jambo ambalo sikulitarajia. Utotoni, Jumapili wenzake walipocheza, yeye alilinda duka. Akaja kulirithi. Ameuza mipira maisha yake yote, ameijaza upepo, ameidundisha sakafuni ili mteja aridhike.

"Lakini kuipiga kwa mguu, hata mmoja, bado."

Nilimpa mkono, akainuka, tukaendelea.

Tulifika nyumbani jua likikaribia kuzama. Mke wangu alikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto yenye chumvi, kwa sababu Naibu alikuwa amepita na nguo na kusimulia kila kitu, akaongeza na vingine. Alinitazama mimi, akamtazama mzee mwenye tai anayechuruzika maji, akarudi ndani. Alitoka na beseni la pili. Tulikaa sebuleni, miguu minne ndani ya maji, tukila ugali na mboga za saga, na watoto wangu wakimshangaa mgeni anayewashinda Ekegusii nyumbani kwao.

Jumatatu nilifundisha nimekaa. Somo lilikuwa vipimo vya ramani, na kwa mara ya kwanza niliuelezea umbali kwa hisia hadi darasa zima likaandika.

Jumapili iliyofuata nilimpigia Mzee simu, nikamwambia tunahitaji mtu wa kutukagulia mipira. Alikuja na njumu mpya, soksi amezivuta hadi magotini. Nilikuwa nimewaeleza wenzangu kwamba hajawahi kupiga mpira. Tuliuweka mpira hatua kumi na moja kutoka golini, Naibu akasimama katikati ya milingoti. Naibu huyu hajawahi kumwachia mtu bao kwa hiari. Siku ya michezo ya wazazi alimkatalia hata askofu.

Mzee alirudi nyuma, akashusha pumzi, akaja kwa hatua ndogondogo na kupiga. Mpira ulijikokota. Uliviringika kwenye nyasi kama unaoulizia njia, ukafika nusu, ukaendelea, ukapunguza mwendo. Naibu aliutazama, akatutazama, kisha akainama kufunga kamba za viatu vyake. Alizifunga kwa muda mrefu sana, kichwa chini, mpira ukimpita pembeni na kuvuka mstari kwa upana wa kidole.

Naibu alikuwa amevaa gambuti, buti za mpira zisizo na kamba.